Samaki mweupe anang'ang'ania wavu na kumeguka: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mama. Niko Morogoro, nina watoto watatu wanaopenda samaki kuliko nyama. Nikikaanga sato au changu wanatoka vizuri, lakini nikiwachoma kwenye jiko la mkaa ngozi yote inabaki kwenye wavu, nyama inameguka, na mara nyingine nje wameungua ilhali karibu na mfupa bado wabichi. Huwa nawaloweka usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na mafuta ili viungo viingie. Juzi nilijaribu minofu ya sangara ya kwenye friza, nusu yake ikadondokea mkaani. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri, na kwa maelezo yako tatizo kubwa haliko kwenye wavu wala kwenye moto. Liko kwenye bakuli la usiku. Samaki wako wanafika jikoni wameloa na wamekwisha kulegezwa na ndimu, na samaki aliyeloa hachomeki. Atachemka kwanza, atanata, ndipo aungue. Geuza mpangilio: samaki aende motoni mkavu, akiwa na chumvi na mafuta kidogo tu, na viungo vije mwishoni. Ukifanya hilo peke yake, hata jiko likiwa lilelile na wavu uleule, utaona tofauti.

Nikueleze kwa nini, maana ukijua sababu hutahitaji kushika vipimo vyangu kwa kichwa. Nyama ya samaki mweupe, yaani samaki wa nyama nyeupe kama sato, changu na sangara, ni ya nyuzi fupi sana zilizolala tabaka juu ya tabaka. Kinachozishikanisha tabaka hizo ni utando mwembamba ambao kwenye joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi huwa umeanza kulainika na kugeuka ute. Ndiyo sababu changu aliyeiva hufunguka vipande vipande ukimgusa kwa kidole, wakati paja la ng'ombe linataka saa kadhaa sufuriani ndipo lilainike. Kufika nyuzi 60 nyama ya samaki imekwisha kuiva. Joto likizidi kupanda, protini zinajikaza na kukamua maji, na utaona ute mweupe ukitokeza pembeni. Huo ni utamu unaokimbilia mkaani. Nyama ya ng'ombe ukiisahau dakika kumi zaidi utaila tu; samaki mweupe dakika tatu zinatosha kumkausha.

Ndimu nayo, ikikaa, hufanya kwenye protini kazi inayofanana na ya moto. Kule Peru wana chakula chao kiitwacho ceviche, vipande vya samaki mbichi vinavyogeuka vyeupe na kukaza kwa maji ya ndimu peke yake, bila jiko, na dakika chache tu zinatosha. Samaki wako wanakaa humo usiku kucha. Asubuhi nyama ya juu imekwisha "iva" kwa asidi na kutoa maji, na ukiileta motoni inaivishwa mara ya pili. Haina nguvu ya kujishika tena. Na hivyo viungo ulivyotaka viingie havijaingia kwa kina. Ladha ya tangawizi na kitunguu saumu hubaki juu juu, milimita chache tu kutoka kwenye ngozi. Kinachopenya hadi ndani ni chumvi.

Hapa sitaki unielewe kwamba ndimu ni adui. Ndimu ina kazi yake kabla ya moto, nayo ni kuondoa shombo, na kazi hiyo ni ya dakika tano. Kwa samaki wa baharini, asidi hutuliza kile kinacholeta harufu kali. Kwa sato wa kufugwa bwawani, ambao huko kwenu najua wapo wengi, ndimu inasaidia pia ile harufu ya tope, inayotokana na vijidudu na mwani wa majini. Mpake ndimu na chumvi ndani na nje, msugue vizuri tumboni mpaka ile damu nyeusi iliyoganda kwenye uti wa mgongo itoke, msuuze kwa maji baridi, basi. Ndimu nyingine itasubiri mezani.

Sasa samaki mwenyewe. Wa kuchoma mzima, chukua mwenye gramu 400 hadi 600. Mdogo kuliko hapo atakauka kabla ngozi haijapata rangi. Mkubwa zaidi anataka uzoefu wa kuchezea moto. Changu ndiye ningempa mtu anayeanza, kwa sababu nyama yake imekaza na ngozi yake ni nene kiasi. Sato mzima naye anachomeka vizuri sana, na kwa bei ya huko bara hana mpinzani. Tasi ni kipenzi cha watu wa pwani, nami ni mmoja wao, ila ana miiba mikali yenye sumu mgongoni na tumboni. Ikate kwa mkasi kabla hujamshika kwa namna nyingine yoyote, na watoto wasimguse akiwa mbichi. Ukichomwa, loweka mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, kwa sababu sumu hiyo huvunjwa na joto. Chewa ni mnene, nyama yake inatoka mabonge makubwa meupe, hivyo anafaa kukatwa vipande vya kupitisha mfupa kuliko kuchomwa mzima.

Sokoni, iwe Feri Dar es Salaam au gengeni Morogoro, tazama jicho kama linang'aa na limetuna, fungua shavu uone wekundu, kisha mbonyeze. Nyama inayorudi yenyewe ni nzima. Ile inayobaki na shimo la kidole tayari imeanza kuachia, na samaki wa hivyo atameguka hata ukimchoma kwa ufundi wa namna gani. Huyo mpeleke kwenye mchuzi.

Akishasafishwa, mchanje. Kata chale tatu au nne kila ubavu, za mshazari, kisu kifike karibu na mfupa. Watu wengi huchanja juu juu kwa ajili ya urembo. Chale hizi zina kazi. Nyama ya mgongoni nyuma ya kichwa ni nene maradufu ya ile ya mkiani, na chale ndizo zinazoufikisha moto pale unaposema huwa pabichi. Ngozi nayo haitajivuta na kumkunja samaki.

Kisha chumvi. Kwa samaki wa nusu kilo, kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kinatosha: sugua nje, ndani ya chale na tumboni. Muache dakika 20 hadi 30. Utaona maji yanatoka. Hayo ndiyo yangemnatisha kwenye wavu. Mfute kwa kitambaa safi kikavu, au karatasi za jikoni kama unazo, na umfute kwelikweli, mpaka tumboni na kwenye mikunjo ya mapezi. Kama una friji, muweke humo bila kumfunika kwa saa moja, ngozi itakauka kama karatasi. Kama huna, mtandaze kwenye ungo kivulini panapopita upepo, umfunike kwa kawa inzi wasimfikie, lakini usipitishe nusu saa kwa joto letu hili. Dakika za mwisho kabla ya moto ndipo umpake mafuta, kidogo tu, ngozi ing'ae bila kutiririka. Ukitaka manjano kidogo na pilipili manga hapa, weka. Ni viungo vikavu, havina madhara. Kitunguu saumu kilichotwangwa usikiweke. Kinaungua haraka kuliko samaki, na kikiungua kinakuwa kichungu.

Kuhusu moto, shida ya jiko letu la kawaida la mkaa ni kwamba limetengenezwa kwa ajili ya sufuria. Mkaa unafika karibu na ukingo, ukiweka wavu juu yake samaki anakuwa amelala karibu juu ya kaa lenyewe. Hapo lazima nje aungue ndani akiwa mbichi. Panga matofali mawili kando ya jiko ulaze wavu juu yake, au tumia rimu ya gari kama wachoma mishikaki, ili kati ya mkaa na samaki kuwe na sentimita 12 hadi 15. Subiri mkaa ushike wote na kuvaa majivu meupe. Usianze wakati bado kuna miali. Usiwashe kwa mafuta ya taa ukaweka samaki papo hapo, kwa sababu nyama nyeupe haina ladha nzito ya kuificha harufu ile. Vifuu vya nazi vikavu vinawasha vizuri na vinaacha moshi mtamu.

Pima moto kwa kiganja. Kiweke usawa wa wavu uhesabu taratibu. Ukilazimika kuutoa mkono kati ya nne na tano, moto uko sawa. Ukitoka kwenye mbili, ni mkali mno. Na usitandaze mkaa sawasawa jiko zima. Rundika upande mmoja, upande wa pili uwe na makaa machache. Upande mkali ni wa kupata rangi, upande mpole ni wa kumalizia. Mafuta yakidondoka na mwali ukaruka, sogeza samaki upande mpole. Kumwagia maji kunarusha majivu yote yakamkalia.

Wavu uwe safi na uwe wa moto. Hapa wengi wanakosa subira. Protini mbichi ikikutana na chuma chenye joto dogo hushikana nacho kabla haijaiva. Ikikutana na chuma cha moto sana chenye mafuta, inaganda na kukauka haraka, kisha inaachia. Uache wavu juu ya mkaa dakika kumi, usugue kwa brashi ya chuma, halafu choma nusu kitunguu maji kwa uma, kichovye kwenye mafuta, upitishe juu ya wavu mara mbili tatu. Hapo hapo mlaze samaki, mshazari wa vyuma, na uondoe mkono.

Usimguse. Ninajua mkono unawasha, ila ngozi yake inapaswa kukauka na kupata rangi ndipo ijibandue yenyewe. Kwa samaki wa nusu kilo mpe dakika sita hadi saba upande wa kwanza. Kisha ingiza kijiko bapa cha kugeuzia chapati chini ya mkia, unyanyue kidogo. Akikataa, muache dakika moja zaidi ujaribu tena. Akinyanyuka bila kuvuta, mgeuze kwa kumbingirisha juu ya mgongo, siyo juu ya tumbo, maana tumbo limepasuliwa na likielemewa linafunguka. Mara moja tu. Samaki anayegeuzwa geuzwa kama chapati hafiki mezani mzima. Upande wa pili unataka dakika tano au sita, na kama mgongo ni mnene, msogeze upande mpole amalizie huko.

Kwa kukadiria muda, wapishi wengi hutumia kanuni ya dakika kumi kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, ukipima pale palipo panene zaidi, pande zote mbili kwa jumla. Ni kadirio tu. Mkaa wa leo si wa jana. Alama za kweli ziko kwenye samaki: jicho limekuwa jeupe kabisa, pezi la mgongoni likivutwa linatoka bila ubishi, na ukipenyeza ncha ya kisu kwenye chale iliyo nyuma ya kichwa, nyama imeacha uangavu na inabanduka kwenye mfupa. Ukiwa na kipimajoto, mamlaka za usalama wa chakula za Marekani hushauri nyuzi 63, na kwa kuwa unawalisha watoto, shika hiyo. Mtoe kwenye moto mara anapofika, umpumzishe dakika tatu kwenye sahani. Joto lililobaki ndani linaendelea na kazi.

Sasa viungo vyako. Tangawizi, kitunguu saumu na ndimu havipotei, vinahamia kwenye upako. Huku pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, samaki wa kupaka ndivyo anavyofanywa, na mimi nadhani hakuna njia bora ya kumtendea samaki mweupe. Nyama yake ni pole, haina mafuta mengi, na tui linampa kile asichokuwa nacho. Chukua nazi moja kubwa uikune, kamua tui zito la kwanza, upate kama kikombe na nusu. Liweke kwenye sufuria ndogo na punje nne za kitunguu saumu zilizotwangwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, pilipili mbichi kwa kadiri ya watoto wako, na chumvi kidogo kwa sababu samaki tayari anayo. Koroga kwa moto mdogo bila kuacha mpaka liwe zito kama uji wa mgonjwa na mafuta yaanze kuchungulia pembeni. Epua, ndipo utie ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, vijiko viwili vya chakula, au ndimu moja. Asidi ukiitia mapema na moto ukiwa mkali, tui linaweza kukatika.

Upako unapakwa samaki akiwa karibu kuiva. Ukishamgeuza na upande wa pili umekaribia, mhamishie upande mpole, mpake juu kwa brashi au kijiko, uusukumie ndani ya chale. Tui lina sukari na protini, likikaa juu ya mkaa mkali linakuwa jeusi. Dakika mbili, mgeuze kwa uangalifu, paka upande wa pili, dakika nyingine mbili. (Hii ndiyo mara pekee anapogeuzwa zaidi, na sasa ngozi imekwisha kukaza, haitashika.) Upako uliobaki mmwagie kwenye sahani. Kwa wali au kwa ugali, watoto watagombania ule wa chini.

Nije kwenye minofu ya sangara. Sangara ni mtamu na hana vijimiba vidogo vinavyotisha watoto, ila minofu ya friza ina matatizo mawili. Barafu ikijiunda ndani ya nyama hupasua chembe zake, hivyo ikiyeyuka hutoa maji mengi. Na mara nyingi minofu hiyo hupakwa tabaka la barafu kiwandani, ambalo nalo ni maji. Iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, usiiache juani wala usiimwagie maji ya moto. Kisha itie kwenye maji ya chumvi, gramu 50 za chumvi kwa lita moja ya maji baridi, karibu vijiko vitatu vya chakula, kwa dakika 15. Maji hayo yanaikaza kidogo na kuisaidia ishike unyevu wake kwenye moto. Toa, futa ikauke kabisa, paka mafuta.

Ukiweza kununua mbichi, omba mnofu wenye ngozi kutoka kwa sangara mkubwa, uwe na unene wa sentimita tatu hivi. Wadogo waache, kisheria sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa Ziwa Victoria, na hata kwa kuchoma hawana faida, mnofu wao ni mwembamba mno. Wenye ngozi uanze upande wa ngozi na ubaki huko karibu robo tatu ya muda wote, halafu uugeuze dakika moja au mbili tu. Usio na ngozi usiulaze kwenye wavu mtupu hata siku moja. Tumia ule wavu wa kubania wa pande mbili wenye mikono, uupake mafuta, ubane minofu katikati, na utageuza wavu wote badala ya samaki. Au chukua jani la mgomba, lipitishe juu ya moto lilegee lisipasuke, mfungie mnofu ndani na kijiko cha upako, uweke juu ya mkaa dakika nane hadi kumi. Hautapata alama za wavu, lakini utapata samaki laini mwenye harufu ya jani, na hakuna kitakachodondoka. Minofu myembamba ya sato ifanyie hivyo hivyo, au ikaange tu.

Siku za mvua, usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wala kwenye korido. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua familia nzima usingizini. Kama una ovuni ya gesi au umeme yenye moto wa juu, ipashe mpaka nyuzi 220, laza samaki kwenye wavu juu ya sinia, karibu na moto wa juu, na fuata mambo yaleyale: mkavu, chumvi, mafuta kidogo, upako dakika za mwisho. Samaki wa nusu kilo atachukua dakika 15 hadi 18. Moshi utaukosa, lakini ngozi utaipata.

Kwa jaribio la kwanza chukua changu mmoja au sato mmoja tu wa nusu kilo, siku isiyo na wageni, umpake upako upande mmoja na upande wa pili umuache na chumvi na ndimu ya mezani. Wape watoto waonje pande zote mbili. Akibaki, mtoe miiba akiwa bado vuguvugu, muweke kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho mponde na viazi vilivyochemshwa, kitunguu na kotimiri ufanye katlesi. Kichwa na mifupa ichemshe kwa nusu saa na tangawizi na nyanya. Supu yake inabeba ule moshi wa mkaa.